Salodini, Kijiji cha Nyanya Edith

Harufu ya vidonge vya kufukuzia nondo hainisumbui pua, hunisumbua kifua. Wiki iliyopita nilikuwa Saint Paul, nyumbani kwa mzee mmoja ninayemhudumia, nikafungua kabati lake kumtafutia sweta. Harufu ile ikanijia usoni kama mtu aliyekuwa amejificha humo akinisubiri. Nikasimama na mkono mlangoni mwa kabati, hata mzee akauliza kama nimeona panya. Nikamwambia hapana. Ningemwambia nini? Kwamba nimerudi Champlin, nina miaka kumi, nimekaa juu ya zulia la kijani, na mbele yangu kuna bibi kizee wa Kiingereza anakunja koti zito la sufi katikati ya joto la Julai?

Ninyi mnaonisoma nitawaeleza, kwa sababu mna nafasi na hamsubiri sweta.

Tulikuwa bado wageni Minnesota. Tulitokea kambini Kigoma, na kabla ya kambi, milima ya Fizi huko Kongo, ambayo mimi siikumbuki kwa kuwa niliivuka nikiwa mgongoni. Baba alifanya kazi kwenye ghala kubwa la Shakopee, yeye na wenzake wakijazana ndani ya gari moja la mkopo, kila mtu na bakuli lake la chakula mapajani. Mama naye alianzia hapohapo, akinyanyua maboksi, mpaka mgongo wake ukamkatalia. Ndipo akapata kazi ya kuhudumia wazee majumbani, na mzee wake wa kwanza akawa Edith, mjane aliyeishi peke yake katika nyumba nyeupe karibu na mto, kule Champlin.

Shule zilipofungwa hapakuwa na mtu wa kubaki nami. Mama akaomba ruhusa, akaenda nami. Nadhani alinichukua pia kwa sababu ya ulimi wangu. Kiingereza chake kilikuwa cha salamu na cha dawa: asubuhi njema, meza, kunywa maji, inauma wapi. Mimi changu kilikuwa kimeshanizidi nguvu, hata nyumbani nikiulizwa kwa Kiswahili nilijibu kwa Kiingereza, na mama alikuwa akinikaripia, "Unijibu kwa kinywa nilichokuzaa nacho." Lakini kule Champlin kinywa kile kingine kilikuwa na kazi.

Mama alimwita Edith Nyanya, kama tunavyowaita bibi zetu. Kambini Watanzania walikuwa wakitucheka kwa neno hilo, maana kwao nyanya ni ya kutia kwenye mchuzi. Lakini Edith, na mashavu yake yale mekundu, mviringo, yenye kung'aa baada ya kuoga, aliyastahili majina yote mawili.

Alikuwa mtu wa utaratibu. Asubuhi alisoma gazeti kwa kioo cha kukuzia. Saa nne alikunywa chai nyeusi kama lami, akaitia maziwa mpaka ikawa rangi ya matope. Mchana alilala. Akiamka, jambo lilelile kila siku: alitoa sanduku dogo chini ya kitanda, akafungua kabati, na ile harufu ikatoka kabla ya nguo. Alipanga koti la sufi, viatu, kitana na picha ya mumewe. Akafunga sanduku, akalikalia, akatuambia kwa furaha tulivu kabisa, "Jumamosi tunarudi nyumbani."

Mama aliogopa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mama alikuwa hapendi kuona mtu anafunga mzigo. Alidhani bibi atatoroka, atumbukie mtoni, na sisi turudishwe Kigoma kwa kosa hilo. Mwanawe Edith alipokuja Jumapili kukata nyasi, mama akanisukuma mbele nimweleze. Alikuwa mtu mpole mwenye ndevu za kijivu. Alizima mashine, akajifuta jasho, akasema tusihangaike. Mama yake alizaliwa katika kijiji kidogo Uingereza, na kijiji hicho hakipo tena tangu yeye mwenyewe hajazaliwa. Alisema hivyo kama mtu anayekuambia basi limeshapita. Kisha akawasha mashine yake.

"Hakipo?" mama akaniuliza. "Kimeenda wapi? Kijiji hakina miguu."

Kesho yake, sanduku lilipotolewa, mama hakulizuia. Alivuta kiti, akakaa, akaniambia, "Umuulize nyumbani ni wapi."

Nikamuuliza. Edith akanitazama kwa mshangao, nadhani kwa sababu miaka mingi hakuna aliyemuuliza hivyo bila kutaka kumnyamazisha. Akataja jina. Kwa Kiingereza linaandikwa kwa namna nyingine kabisa, lakini mama alisikia Salodini, akafurahi. "Unaona? Kama kwetu. Mtoni, Kisimani, Salodini." Tangu siku hiyo sijaweza kukiita vingine.

Basi majira yale ya joto tuliishi Salodini. Kilikuwa mtaa mmoja tu unaoteremka bondeni hadi kwenye kijito, nyumba za mawe zimeezekwa kwa nyasi. Mama alipinga hapohapo. "Wazungu kwenye nyumba za nyasi? Umuulize vizuri, labda haukusikia." Edith akacheka mpaka akakohoa, akasema ndiyo, nyasi, na panya ndani yake, na mvua ikizidi chura. Palikuwa na kanisa lenye mnara mfupi, shule ya chumba kimoja, na karakana ya baba yake, aliyekuwa mhunzi kama babu yake na baba wa babu yake. Edith alipokuwa kitandani asubuhi aliijua hali ya hewa kwa mlio wa nyundo tu. Siku ya ukungu ililia karibu. Siku ya baridi kali ililia kama kengele.

Kengele zenyewe zilikuwa na habari yake. Mchungaji wa Salodini alikuwa na kawaida ya kuwapeleka watoto wa shule malishoni, akiwaonyesha matuta marefu chini ya nyasi na kuwaambia, mnasimama juu ya vitanda vya watu. Zamani sana kijiji kilikuwa pale. Ikaja tauni, ikazoa watu mpaka kengele ya mazishi ikanyamaza, si kwa kuwa vifo viliisha, bali mpigaji alikuwa amekufa na aliyempokea kamba naye amekufa. Waliobaki wakajenga upya. Wajukuu wa wajukuu wao wakafukuzwa na bwana mwenye ardhi, aliyeona kwamba kondoo wana faida kuliko watu. Akabomoa nyumba, akapanda majani. Miaka ikapita, bwana akafa, watu wakarudi mmojammoja, wakajenga tena chini kidogo, karibu na kijito. "Kijiji kilichokufa mara mbili hakiogopi ya tatu," ndivyo mchungaji alivyokuwa akisema. Edith aliirudia kwa sauti nzito ya kiume, na mama, kabla sijaitafsiri, aliitikia kwa kichwa. Sauti ya mhubiri anaijua mtu yeyote.

Mara ya tatu ilikuja Edith akiwa na umri wangu. Ilikuwa wakati wa vile vita vikuu vya pili vya dunia. Jioni moja watu wote waliitwa shuleni, wakubwa wakabanwa kwenye viti vya watoto, na ofisa mmoja wa jeshi mwenye glavu safi akawaeleza kwamba vijana wanaopelekwa vitani lazima wajifunze kwanza kupigana mitaani, na mizinga inahitaji kijiji cha kweli. Walipewa wiki chache. Vita vikiisha mtarudi, alisema. Alisema mbele ya kila mtu, na watu wakampigia makofi.

Hapo mama alinishika mkono. "Waliwapigia makofi?"

"Ndiyo."

"Endelea."

Mama yake Edith alisugua sakafu ya jiko kwa brashi na magadi na kutundika mapazia safi, ili wanajeshi wasiseme nyumba hii ilikuwa ya wachafu. Baba yake alipanda maharage nyuma ya karakana, yale makubwa yanayovumilia baridi, kwa hesabu kwamba vita vitaisha kabla hayajakomaa. Fuawe, kile chuma kikubwa anachofulia mhunzi, kilikuwa kizito mno kwa lori, akakiacha mahali pake na nyundo juu yake.

Wakapelekwa mjini, chumba kimoja juu ya duka la samaki. Koti zuri la kitoto la Edith likawekwa sandukuni na vidonge vya nondo, lisinuke samaki, livaliwe siku ya kurudi. Vita vikaisha, kengele za mji zikapigwa mchana kutwa, na mama yake akafunga mizigo jioni hiyohiyo. Wakakaa juu ya mizigo. Wiki ikapita, wakaifungua. Waliokwenda kuuliza waliambiwa bado. Mwaka uliofuata, bado. Edith akalizidi lile koti bila kulivaa, na jibu likawa ni bora msiulize.

Mama, aliyekuwa na methali kwa kila kidonda, alisema, "Umuambie kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi." Nilihangaika kuipeleka kwa Kiingereza, nikaonyesha koleo kwa vidole. Edith aliviangalia vidole vyangu.

"Lakini koleo za baba hazikuvunjika," alisema. "Zilikuwa nzima. Zilibaki Salodini."

Baba yake hakufua tena. Alipata kazi ya kufagia uwanja wa mabasi. Mara moja kwa mwaka jeshi lilifungua uzio watu wakasali kanisani, na alikwenda mara moja tu. Aliporudi alisema nyumba yao haina mgongo tena, paa limeanguka, na nyuma ya karakana pana shimo lililojaa maji. Hakusema zaidi, wala hakwenda tena. Edith akakua, akaolewa na mwanajeshi wa Kimarekani mwenye meno mazuri aliyemwambia kwamba Minnesota kuna maji mengi na hakuna mtu anayemfukuza mtu. Nilikuja kusoma shuleni baadaye kwamba hilo la pili nalo halikuwa kweli. Wenyewe wa mito hii walifukuzwa pia, na majina yao yamebaki kwenye vibao vya barabarani.

Siku Edith alipomaliza, chai ilikuwa imepoa. Kisha mama akaanza kusema, akimtazama Edith, si mimi, lakini akisimama kila baada ya maneno machache ili niyachukue.

"Siye hatukupewa wiki. Tulipewa usiku mumoja. Nilikuwa nimeloweka mihogo kwenye mto."

Nikatafsiri.

"Mama yangu alikataa kutoka. Alisema mihogo itaoza, mutu moja abaki kuianua. Alisema, muende, mutanikuta."

Mimi niliambiwa bibi yangu alikufa kwa homa, nyumbani, akiwa ameshikwa mkono. Nilikuwa ninalijua hata jina la homa. Nikamtazama mama, naye akanionyesha Edith kwa kidevu: mpe, habari ni zake. Nikatafsiri. Hivyo ndivyo nilivyopata habari ya kifo cha bibi yangu, nikiipitisha tu kwenda kwa mtu mwingine, kama sahani mezani.

"Mlimkuta?" Edith akauliza.

Mama hakuhitaji tafsiri ya swali hilo. Alitikisa kichwa. Wale wanawake wawili wakakaa wakitazama sanduku sakafuni. Mimi nilihesabu maua ya zulia kwa sababu sikujua pengine pa kuweka macho.

Kuanzia hapo mama alimsaidia kupanga sanduku kila mchana na kulipangua kila jioni, kwa heshima, kama mtu anayekunja nguo za kanisa.

Majani yalipoanza kuanguka, mwanawe alikuja siku isiyo ya nyasi. Edith alikuwa ameshaanguka bafuni na kuacha jiko likiwaka. Nyumba imepata mnunuzi, alisema, na mama yake amepatiwa chumba katika nyumba ya kutunzia wazee, Inver Grove Heights, upande wa pili wa jiji. Hakuwa mtu mbaya. Macho yake yalikuwa mekundu. Alituomba jambo moja tu: siku ya kuhama, ambayo ingekuwa Jumamosi, tumwambie kwamba anatoka kwa muda mfupi na kwamba atarudi. Akiambiwa hivyo na watu anaowaamini atapanda gari bila shida. Ndivyo wataalamu wanavyoshauri, alisema, na sasa mimi pia najua kwamba ndivyo wanavyoshauri.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia nimjibu kwamba amesikia. Hakuniambia nimjibu sawa.

Jumamosi ile ilikuwa na jua na upepo mkali. Edith alikuwa amevaa koti lake la sufi na kofia, amekaa sebuleni kwenye kiti pekee kilichobaki. Zulia la kijani lilikuwa limeshakunjwa. Wanaume wawili walikuwa wakipitisha meza mlangoni, na nadhani zile buti zao ndizo zilizomfumbua macho, kwa sababu alipotuona alisema kwa sauti ndogo, ya mtoto, "Wamekuja wanajeshi."

Mwanawe akainama mbele yake. "Ni kwa muda mfupi tu, mama. Utarudi."

Edith alimwangalia kwa upole, kama mtu anayemsamehe mtoto kwa kusema uongo mdogo. Kisha akageuka kwa mama yangu.

"Niambie wewe," alisema. "Tutarudi?"

Nikatafsiri, ingawa hapakuwa na haja. Mwanawe alikuwa akitutazama kwa macho ya kusihi. Mama alipiga magoti kwenye mbao zile tupu, akaichukua mikono yote miwili ya Edith.

"Miye siwezi sema neno lile walitusemea," aliniambia. "Umuambie hapana. Hatutarudi."

Nikalisema, kwa Kiingereza changu cha darasa la tano. Nilidhani Edith atapiga kelele. Wale wabebaji meza walisimama. Yeye alikaa tu, akivuta hewa kwa pua, na mikono yake ikatulia ndani ya mikono ya mama.

"Asante," alisema mwishowe. "Sisi hakuna aliyetuambia."

Akasimama mwenyewe, akatembea hadi kwenye gari bila kugeuka. Sanduku alilisahau, na mama akalikimbilia.

Ningependa kuwaambia kwamba ukweli ulimfaa. Haukumfaa. Tulikwenda kumwona Inver Grove Heights mara mbili, mabasi matatu kwenda na matatu kurudi. Mara ya kwanza alikuwa dirishani akitazama maegesho ya magari muda wote tuliokuwa pale. Mara ya pili hakumjua mama, na mimi aliniita jina la mtu ambaye hatukumjua. Hakuwa akifunga mzigo tena. Wauguzi walimsifu kwamba ametulia sana, hasumbui. Mama alimlisha mkate uliolowekwa kwenye chai, nusu ukamtoka mdomoni. Alikufa baridi ilipokuwa imekaza, na mwanawe alitueleza kwa simu kwamba ardhi imeganda, itabidi mazishi yangoje machipuko. Machipuko yalipofika hakuna aliyetupigia. Sijui alizikwa wapi.

Nilipokuwa sekondari nilikitafuta Salodini kwenye ramani za kompyuta, zile zinazopigwa kutoka angani. Kipo. Mtaa unaonekana, unateremka hadi kwenye kijito, na nyumba pande zote mbili ni kama meno yaliyovunjika, maboksi ya mawe yasiyo na paa. Kanisa limezungushiwa uzio. Malishoni, ukiangalia sana, unayaona hata yale matuta marefu ya tauni na kondoo. Mama akavaa miwani, akaangalia kwa muda mrefu, kisha akaniomba nitafute kwetu. Palikuwa na wingu. Nikajaribu siku nyingine, nikaona kijani tu, milima na milima, pasipo njia wala paa. Binamu yake aliyeko Uvira anasema huko juu sasa wanakaa watu wenye bunduki, na wakiondoka hao huja wengine.

Lipo jambo nililolielewa nikiwa mtu mzima, na ndilo lililonifanya niandike haya. Nilikuwa kwenye basi nikirudi kutoka kazini, nikiwaza juu ya mzee aliyekuwa ameniuliza siku hiyo kama atarudi nyumbani kwake, nami nikamjibu kama wataalamu wanavyoshauri. Nikajikuta ninayarudia midomoni maneno ya mama ya Jumamosi ile. Kwa Kiingereza mimi nilikuwa nimesema, hutarudi. Wewe, Edith, hutarudi. Lakini mama hakusema hivyo. Alijua kusema hatarudi, yeye peke yake, kama angetaka. Alisema hatutarudi.

Nilipofika nyumbani nilimkuta akichambua mboga. Nikamuuliza kama siku ile aliisema kwa makusudi ile "tu". Hakuniuliza siku gani.

"Niliona haukuisikia," alisema, bila kuinua macho. "Nikakuacha vile. Ulikuwa mutoto."

Akanisogezea nusu ya mboga, nami nikavuta kiti, nikakaa, nikaanza kuchambua.